Hali ya Hewa ya Mji wa Baba

Juzi niliteremka kwenye basi kabla ya kituo changu kwa sababu ya mwanamke nisiyemjua. Alikuwa amekaa nyuma yangu, anaongea na simu kwa Kiswahili, sauti juu kama sisi sote tunaodhani London nzima haitusikii. Akauliza, "Enhe, na hali ya hewa hapo nyumbani ikoje?" Kisha akacheka kile kicheko cha puani, nikajua kabisa haulizi habari za mvua. Alikuwa anauliza kama mama mkwe bado amenuna. Nikabonyeza kengele, nikashuka, nikaenda kwa miguu mpaka kazini huku nikijitukana njia nzima. Mtu mzima mimi, nina mtoto wangu na mgongo unaouma, na maneno matatu bado yananitoa kitini!

Mimi kukaa sijui. Hata chai nainywa nimesimama. Mume wangu husema nilizaliwa kwenye foleni. Mamangu ana maelezo mengine: anasema nilikuwa mtoto mtulivu, wa kukaa mkekani na penseli zangu, mpaka ile wiki ya mwanzo wa kiangazi ambayo Baba alikuwa aje. Tangu hapo, anasema, sijatulia.

Tulikuwa tunakaa Neasden, ghorofa ya juu ya duka la Bibi Kokila, mahali ambapo ukifungua dirisha siku ya joto unapata harufu ya bizari ikikaangwa, uvumba wa watu wanaorudi hekaluni kwa Wahindi, na mapipa ya taka ambayo baraza la mtaa limeyasahau. Dirisha lenyewe lilifunguka shibiri moja tu, kwa usalama wa watoto, yaani kwa usalama wangu. Mama alikuwa anahudumia wazee majumbani mwao. Alitoka asubuhi na sare yake ya buluu akarudi ana harufu ya sabuni ya watu wengine. Baba alikuwa Marekani, jimbo la Iowa, katika mji mdogo ambao binamu yake alimpatia kazi ya kupakia mizigo ghalani. Alikwenda "kwa muda tu." Hilo "muda tu" likaendelea mpaka likaota mvi.

Jina la mji sitalitaja, watu wake hawajanikosea kitu. Mimi nililijua kwa sababu Baba aliwahi kuniletea fulana ya timu ya shule ya huko, jina la mji limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Ilinifika magotini. Nikawa nalala nayo, na kwa akili yangu huo mji ulikuwa mahali pa rangi ya manjano kwa kuwa fulana ilikuwa ya manjano.

Wiki yenyewe ilianza vizuri. Tikiti ilishakatwa: Baba angeondoka Jumamosi, angefika Jumapili, na safari hii harudi tena, anakuja kuishi na sisi. Mama alifua mapazia, akasugua bafu, akafukiza udi mpaka kengele ya moshi ikalia na jirani akaja kugonga mlango. Alikuwa anaimba. Mamangu akiimba huimba vibaya, na mimi nilikuwa naipenda sana ile sauti yake mbovu.

Jumatatu jioni hakuimba. Alirudi kazini akaenda moja kwa moja jikoni, akaweka simu juu ya meza, akaitazama. Nikachungulia. Rafiki yake alikuwa amemtumia picha: Baba yumo harusini kwa jamaa zake huko huko Marekani, amevaa kanzu na koti juu, ameinua mkono, anacheza. Nikasema kwa Kiingereza, maana wakati huo Kiswahili nilikielewa karibu chote lakini mdomoni kilinikwama, kwamba Baba anacheza vizuri. Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya Kichina.

"Ruhusa ya msiba hakupata," akaiambia sufuria. "Ya harusi akapata."

Leo naelewa, na nikielewa naumia. Wakati wa baridi bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa amefariki Mombasa. Mama alikwenda kumzika peke yake, kwa kuwa Baba alisema kazini wamemkatalia ruhusa. Harusi ile ilikuwa wiki ileile ya msiba. Lakini mimi neno "ruhusa" nililijua madrasa tu, unainua kidole ukaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo nilisimama pale nikijaribu kufikiri kwa nini Baba anyimwe choo msibani.

Baba alipopiga simu usiku ukiingia, Mama alifunga mlango wa jikoni. Mlango wa nyumba zile ni kama karatasi. Nikamsikia: "Usije. Nimesema usije. Hali ya hewa haijatulia. Ikitulia nitakwambia. Mpaka hapo kaa hukohuko." Akatoka macho mekundu, akasema ni vitunguu, na jiko lilikuwa baridi, halina kitunguu wala nini.

Nikamwuliza kama Baba haji tena.

"Itategemea hali ya hewa," akasema, akaenda kulala na sare yake mwilini.

Basi mimi ningejuaje? Sisi watu wa pwani hewa yetu huchafuka ndani ya nyumba, tena milango imefungwa. Mtu mmoja anatamka neno sebuleni, mwingine anasema fulani amechafua hali ya hewa, na hakuna anayeangalia mawinguni. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa shule ya Neasden. Kwetu shuleni hali ya hewa ilikuwa hali ya hewa: mwalimu anakwambia uvae koti, na anakueleza kwamba ndege haiwezi kupaa katikati ya radi. Nikaunganisha mambo nikamaliza. Huko Iowa kuna dhoruba. Ndege ya Baba haiwezi kuondoka. Mama analia kwa ajili ya dhoruba. Kazi yangu ni kujua inakwisha lini.

Kesho yake nikitoka shule nilimwendea Bibi Kokila. Alizaliwa Kisumu, akaondoka huko ameshaolewa, na Kiswahili chake kilibaki kilekile cha dukani kwa baba yake, cha "kuja hapa" na "hapana gusa." Mimi nilipenda kuongea naye kwa sababu mbele yake hata Kiswahili changu kilipendeza. Nyuma ya kaunta, kati ya maboksi ya maembe, mwanawe alikuwa amemwekea kompyuta ya kuagizia bidhaa. Nikamwomba anitafutie hewa ya mji wa Baba. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akinitazama kifuani kusoma, maana nilikuwa nimevaa ile fulana juu ya nguo za shule.

Wiki nzima ikatokea, vipicha saba vimejipanga: jua, jua na wingu, wingu lenye umeme, umeme tena. Jumamosi ilikuwa na umeme.

"Iko chansi ya ngurumo," akasoma Bibi Kokila. "Asilimia arobaini."

Nikashangaa. Chansi nililijua kwa Mama: akipata chansi ya kazi nzuri, akipata chansi ya kupumzika. Ni watu gani hawa wa Iowa wanaohesabu radi kuwa ni chansi? Halafu nikaona joto lenyewe, themanini na nane. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba maji huchemka yakifika mia. Nikaanza kulia.

"Baba yako hapana iva," akasema Bibi Kokila alipojua ninacholilia. "Amerika iko na digrii yake. Kubwa kubwa, kama gari yao."

Toka siku ile nikawa mtu wa kushuka na kupanda ngazi. Asubuhi kabla ya shule nashuka, jioni nashuka, nikila nashuka tena na tonge mdomoni. Na kile kipicha cha Jumamosi kilikuwa na hila! Ukikiacha kina wingu, ukirudi kina umeme. Darasani mwalimu alinitoa dirishani kwa kuwa sikuacha kutazama nje, kana kwamba anga la Neasden lina habari zozote. London wiki ile ilikuwa na jua tupu. Watu wamelala kwenye majani mabustanini, wamejipaka mafuta, wanafurahi, na mimi nikawachukia wote. Jua lote hili, nikawaza, na hapa hakuna ndege ya mtu anayehitajika.

Mama naye hakukaa. Aliyashusha mapazia safi akayafua upya. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena. Tulikuwa tunapishana ukumbini, mimi natoka yeye anaingia, tunagongana mabega katika lile joto, hakuna anayemwuliza mwenziwe. "Dalili ya mvua ni mawingu," nilimsikia akijisemea mbele ya kioo. "Niliyaona mapema, nikajifanya kipofu." Mimi nikafurahi kwamba na yeye anafuatilia. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli, mpaka akanichemshia tangawizi na kuniuliza nimekula nini shuleni. Kumtaja Baba sikuthubutu. Wiki ile ukimtaja Baba vyombo vilipigwa jikoni mpaka unajuta.

Alhamisi kipicha kikageuka. Jua, jua zima la manjano kama fulana yangu.

"Safi kabisa!" akasema Bibi Kokila, akapiga kofi kwenye kaunta. "Jumamosi hapana chansi."

Nikapanda ngazi mbilimbili. Mama alikuwa bafuni, maji yanamwagika. Na simu yake pale mezani ikalia. Baba.

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu Baba na simu. Baba alikuwa na sheria yake: hakujibu Kiingereza changu. Nikisema kwa Kiingereza alikuwa akiita, "Haloo? Haloo? Mimi nilizaa Mswahili, huyu Mzungu ametoka wapi?" mpaka nicheke na nijikongoje na vineno vyangu. Kwa hiyo siku ile niliamua kumfurahisha. Sentensi nzuri za Kiswahili sikuwa nazo nyingi, basi nikachukua ya Mama, ile niliyoisikia mlangoni, nikaigeuza ndani nje kama soksi.

"Baba," nikasema. "Hali ya hewa imetulia. Njoo."

"Amesema hivyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

Akilini nikamwona Bibi Kokila na mdomo wake mwekundu wa tambuu. "Kwa mdomo wake. Amesema safi kabisa."

Nikasikia kitu kama kikohozi, kitu kama kicheko. "Alhamdulillahi," akasema Baba. Halafu: "Usimwambie kitu mamako. Nitakuja mwenyewe." Akakata.

Laiti ningesema kwa Kiingereza kama kawaida yangu! Angecheka, angeniuliza kama Neasden kuna mvua, mambo yakaishia hapo. Sijawahi kusema Kiswahili fasaha kama siku ile, na tazama.

Ijumaa niliposhuka, Jumamosi ilikuwa na umeme. Si umeme wa wasiwasi, umeme mzito, asilimia sabini. Nikamwambia Bibi Kokila atazame tena. Akatazama. Nikamwambia atazame tena. "Kompyuta hapana sikia maombi," akasema, si kwa ubaya. Nikaketi juu ya gunia la mchele nikalia kilio cha kweli, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia Baba aje. Mimi, kwa ulimi wangu. Angepanda ndege kwa neno langu, ndege ingeingia kwenye lile wingu, na Mama angepata msiba wa pili mwaka mmoja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na namba ya Baba ilikuwa kwenye simu ambayo Mama siku hiyo hakuitoa mfukoni.

Bibi Kokila akaifunika kompyuta kwa kitambaa kama mtu anayefunika ndege tunduni. "Sikia, mtoto. Mimi nitaomba kwetu," akasema, akaonyesha kidole upande wa hekalu, "na wewe omba kwenu. Moja itasikia."

Niliomba. Jumamosi niliomba mpaka nikaishiwa na sura ninazozijua, nikaanza upya. Katikati ya kuomba nilipanda na kushuka zile ngazi mpaka Bibi Kokila akanipa ufagio, angalau kuwe na faida. Mama alinishika bega ukumbini: "Una nini wewe? Umeingiwa na mdudu?" Nikasema sina kitu. Na yeye mkononi ameshika sufuria, ileile aliyokwisha kuisugua asubuhi, na sura yake imechoka, imechoka sana. Nilitaka kumwambia. Lakini Baba alisema nisiseme, na Mama mwenyewe alikuwa kama ile chupa ya soda iliyotikiswa, nani angeifungua?

Jumapili tulikuwa tunakula. Alikuwa amepika mbaazi na mahamri, chakula ambacho tangu mwanzo kilipangwa kuwa cha Baba, na hakuna aliyelisema hilo. Mlango ukagongwa. Mama akasema labda ni Bibi Kokila, akaenda kufungua na kanga yake kiunoni, mkono umelowa tui la nazi.

Alikuwa Baba. Amekonda, koti amelibeba mkononi, begi moja begani, ana harufu ile ya ndege, ya vyakula vya kupashwa moto na viti vya watu wengi. Mzima! Hakuwa na hata tone la mvua. Nilitaka kumrukia lakini miguu iligoma, kwa sababu Mama alikuwa bado ameshikilia mlango, haufungi wala haufungui zaidi. Na Baba anatabasamu. Sijawahi tena kuona tabasamu kama lile kwa mwanamume mzima. Lilikuwa la mtu aliyesamehewa.

"Nilikwambia nini?" akauliza Mama.

"Ulisema nisubiri itulie."

"Na nani kakwambia imetulia?"

Baba akanitazama juu ya bega la Mama. "Si ulimtuma mtoto?"

"Mimi?"

Mama akageuka. Nikajitokeza mbele, naogopa na najivuna kwa pamoja, nikayamwaga yote kwa Kiingereza: kwamba Alhamisi Bibi Kokila aliona jua, kwamba chansi ya ngurumo ilikuwa imekwisha, kisha Ijumaa ikarudi asilimia sabini, kwamba niliomba na Bibi Kokila akaomba, na kwamba kwa digrii za Marekani mtu haivi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa shuleni.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Baba. Niliona tabasamu lake likishuka polepole. Alikuwa amevuka bahari nzima na msamaha ambao hakuna aliyempa. Akainama, akaushika tena mkanda wa begi.

"Basi," akasema. "Basi, mama. Mtoto hana kosa. Msibani nilipaswa kuja. Ruhusa sikuomba. Niliona aibu kuja mikono mitupu mbele ya ndugu zako, nikasema wamenikatalia. Na harusini nilikwenda. Ndiyo hivyo." Hakuwa anamtazama, alikuwa anatazama tui la nazi kwenye kidole cha Mama. "Naweza kurudi. Kuna ndege kesho."

Mama akavuta ncha ya kanga akaziba mdomo. Mabega yakaanza kumcheza. Nikajua analia, kisha nikasikia anacheka, kisha sikujua tena, na nadhani na yeye hakujua. Alisema neno moja ndani ya kile kitambaa, "Digrii!" na akashindwa kuendelea. Akajifuta macho kwa mkono ule wenye nazi, akajipaka nazi uso mzima, na Baba hakuthubutu kucheka.

"Usijidanganye," akamwambia, sauti bado inapanda na kushuka. "Hali ya hewa ni mbaya humu ndani. Mbaya sana. Itakuwa mbaya wiki hii, na wiki ijayo, na sijui mpaka lini. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mamangu nilimzika peke yangu."

"Nimekusikia."

Mama akamwangalia kutoka kichwani mpaka chini. Akafika kwenye miguu, akakaa hapo kidogo.

"Vua viatu," akasema. "Wanikanyagia zulia."

Akatuacha, akarudi jikoni, tukasikia anatoa sahani ya tatu kabatini, anaiweka mezani kwa kishindo. Baba alipiga magoti palepale mlangoni kufungua kamba, lakini kila akivuta fundo likawa linakazika badala ya kulegea. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Cha kulia akafungua yeye, cha kushoto nikamfungulia mimi.